Mwizi wa Januari Mosi

Nilikuwa nalea watoto watatu wa wenzangu wa kanisani, nyumbani kwetu Hyattsville, Marekani, pamoja na wangu wa miezi minane. Ndivyo nilivyopata kubaki na mwanangu badala ya kwenda kupanga maboksi ghalani. Jumatatu moja hakuletwa hata mmoja.

Nikapiga simu. Wa kwanza hakupokea, wa pili akasema mtoto anakohoa, wa tatu akanimwagia ukweli. Dada mmoja wa kwaya, mtaalamu wa kompyuta tangu mwezi uliopita, alifungua tovuti ya mahakama akaandika jina la mume wangu. Ikaonyesha amewahi kukamatwa kwa wizi. Jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa. Dada akawajulisha wote, kwa upendo wa Kikristo, isipokuwa mimi.

Nikiri tu: hata mimi nilimtazama mume wangu vibaya akifunga kamba za viatu.

Lakini jina lake ni la mtume, na la baba yake la mtume mwingine, majina ya kila mtaa. Tarehe je? Mama yake anakumbuka mvua tu. Karani wa kambi ya wakimbizi akampa Januari mosi, kama alivyoigawia foleni nzima. Nusu ya kanisa letu ni mapacha.

Nikambeba mtoto mgongoni, mabasi mawili hadi mahakamani. Karani wa pale, mama mtu mzima, akanichapishia faili na kunionyesha kwa kidole: urefu, futi sita na inchi tatu. Mume wangu akitaka sufuria ya juu kabatini huniita mimi. Kisha karani akashusha kidole hadi mstari wa mwisho. Mwendesha mashtaka alifuta kesi.

“Kukamatwa si kupatikana na hatia,” akaniambia. “Watu husoma mstari wa kwanza, wanaondoka.”

Nikaenda moja kwa moja kwa dada wa kwaya. Akasoma, akavua miwani.

“Mdogo wangu, mimi nilikuwa nalinda watoto.”

“Na wewe umezaliwa lini?”

Akaanza kuifuta miwani.

“Januari mosi,” mumewe akajibu kutoka jikoni.

Nikamwambia awapigie wote watatu, sasa hivi, nikisikia. Akapiga, akawasomea mstari wa mwisho.

Watoto wawili walirudi, wakatosha kuniepusha na ghala. Mama wa tatu alisema bado analiombea jambo hilo. Mwanangu alitambaa wiki nzima akimtafuta mwenzake chini ya meza. Nimweleze nini, na faili hajui kusoma?