Mgeni aliyesimama na kigoda cha mzee: vile tulipigania kazi moja Kakamega

Wakuu, habari za jioni. Hii ni ya kwangu mwenyewe, sijaongeza chumvi. Kama Shikuku yuko humu ndani, akuje apinge.

Miaka ya tisini nilikuwa kibarua kwa shirika dogo la kuhifadhi vitu vya kale, upande wa Lurambi. Ngoma, vyungu, mikuki, viti vya wazee.

Vibarua tulikuwa wawili, mimi na Shikuku wa Shianda. Nafasi ya permanent ilikuwa moja: mtunza store. Atakayeikosa, arudi kwao kukata miwa.

Tukafanyiwa training. Kanuni kubwa ilikuwa hii: kitu cha kale hakitumiki. Hukikalii, hukipigi, hukinywei. Hata kukisogeza, uvae glavu.

Shikuku aliishika hiyo kanuni kama mlokole mpya. Siku moja niliegemea mtungi kidogo tu, akanihubiria mpaka chai ikapoa.

Niseme tu, alinishinda kila kitu. Mimi nilikuwanga nasinzia darasani. Moyoni nilishaanza kunoa panga.

Siku ya mtihani, examiner akaja kutoka Nairobi. Mama wa makamo, jua limemchapa, miguu imefura. Akaingia store, akasimama katikati na karatasi zake, anatuangalia.

Viti havikuwepo. Yaani vilikuwepo, lakini vya maonyesho.

Sasa wakuu, kwetu mnakujua. Mgeni hasimami. Ukimwacha asimame, watu watauliza ulilelewa wapi.

Nikaona Shikuku anatoka jasho. Akaangalia miguu ya mama, akaangalia mlango. Mwishowe akaenda kwenye rafu, akateremsha kigoda cha miguu mitatu cha mzee wa ukoo, namba bado inaning'inia, akakipanguza na shati lake.

"Kalia, mama. Karibu sana."

Mama akakaa. Akashukuru, akanyoosha miguu, halafu akamfelisha.

Mimi nilikuwa nimesimama tu, mikono nyuma. Hiyo ndiyo kazi yote niliyofanya, na nikapita.

Nikakimbia nyumbani kumwambia mama yangu. Akasikiliza yote, akauliza, "Kwa hivyo wewe ulimwacha mama wa watu asimame?"

Nikamweleza kanuni.

"Na huyo aliyempa kiti ni mtoto wa nani?"

Jumapili akachinja ingokho, kuku wetu wa kienyeji, kwa ajili ya kazi yangu, akasema nimlete Shikuku. Mnajua firigisi hupewa mwanaume wa heshima pale mezani. Mama akaipitisha mbele ya macho yangu, mimi mwenye kazi, akaiweka kwa sahani ya Shikuku. Jamaa akaitafuna polepole akiniangalia. Iliniuma, sitadanganya.

Na miwa hakukata. Huyo examiner alimwambia bosi wetu asimpoteze, amweke mlangoni apokee wageni. Wageni wakampenda, akapanda cheo, akawa bosi wangu.

Nilichojifunza ni kwamba training itakupa kazi, lakini firigisi inaletwa na malezi. Mimi nimestaafu juzi, na kigoda nimekilinda miaka yote bila kukikalia.

Haya, semeni. Wewe ungempa kiti ama ungelinda store? Na msijifanye.