Tarumbeta Nililolichukua Kabla ya Zamu Yangu

Juzi nilifungua kasha la matarumbeta niliyoinunulia shule moja hapa Turwa, kwa hela yangu mwenyewe, sijachangiwa na mtu. Harufu ya shaba na ile dawa ya kuing'arishia ikanipiga puani, nikarudi nyuma hatua moja kama mtoto aliyekemewa. Mimi huyu, niliyeishia darasa la saba, mwenye maduka Nyamisangura, ambaye wenye digrii wananiita bosi.

Mwalimu mkuu akauliza, "Bosi, watoto wachague wenyewe au tuwapangie?"

Kabla sijakwambia nilichomjibu, ngoja nikusimulie.

Nilipokuwa shule ya msingi, mwalimu wetu wa bendi alikuwa mgeni, mtu wa Bukoba. Alipanga vyombo barazani, kila kimoja na kidomo chake cha kupulizia, akasema, "Chagueni mnachopenda." Hakuna aliyesogea. Kwetu Wakurya aliyetahiriwa hatanguliwi na mrisia, yule ambaye bado hajapita kwenye kisu, hata kwenye sinia la ugali. Chacha alikuwa ametahiriwa Desemba iliyopita. Akaenda taratibu, akachukua tarumbeta kubwa kuliko yote, lile la kukumbatia kama ndama. Wenzake waliotahiriwa naye walikuwa bado wanajikohoza. Mimi, mrisia, mikono ikanitangulia, nikadaka tarumbeta dogo linalong'aa.

Jioni Chacha akanikuta bombani.

"Wewe mrisia, unatangulia wanaume?"

"Mwalimu amesema tuchague."

"Mwalimu ni wa Bukoba. Haya, puliza. Ukishindwa utalirudisha mbele ya watu. Na Desemba yako inakuja. Kisu hakipigiwi tarumbeta."

Tangu hapo usingizi ukaniruka. Midomo yangu minene, mnaonijua mnajua, na kile kidomo chembamba kiliibana ikatoka sauti ya mbuzi aliyekanyagwa. Nilifanya mazoezi machungani mpaka ng'ombe wakanihama. Bibi alikuwa akisema, aliyeshika mkia wa ng'ombe asilalamikie mavi. Viboko sikuviogopa. Niliogopa kwamba siku ya kutahiriwa kwangu wangeimba wimbo wa mrisia aliyeshindwa na kipande cha shaba.

Siku ya kuamkia sherehe ya wazazi, mwalimu alitupanga mstari akatukagua midomo, kama mnunuzi mnadani anavyofunua meno ya fahali. Akachukua tarumbeta langu akampa Chacha. La Chacha akanipa mimi.

"Puliza."

Sauti ikatoka nene, vioo vya dirisha vikatetemeka. Watoto wakashangilia. Mimi nikainamisha kichwa: sasa nimebeba chombo cha mwanaume, tena mbele ya wenzake.

Nilingoja kipigo bombani. Chacha alichota maji yake, akapita zake. Nikajua anakiweka akiba. Miezi yote nilimkwepa, na Desemba ilipofika nilimtafuta yeye kwa macho kabla hata sijakiona kisu. Chacha alikuwepo. Wimbo hakuimba.

Nimekuwa mtu mzima, nimeajiri vijana na kuwapangia kazi, ndipo nikaikumbuka sura yake siku ile ya sherehe: alipiga lile tarumbeta dogo amefumba macho, mashavu yametulia, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Alilitaka tangu mwanzo. Lakini angelichukuaje, mwanaume mpya, wenzake wote wakimwangalia? Mimi mrisia niliweza kunyoosha mkono nikachukua ninachokipenda. Chacha hakuweza, na kwa muda wote huo mimi ndiye niliyekuwa namwogopa yeye. Basi nikamwambia mwalimu mkuu, "Wapangieni."