Pale Palipobonyea kwenye Ua wa Mivinje

Miaka niliyofanya kazi za bustani huko nchi za baridi, kila vuli nilikuwa napunguza misonobari kabla theluji haijaanguka. Bosi wangu alikuwa mkali, na mimi sielewani na wakali kwa sababu mwenyewe ni mkali, lakini jambo moja alinifunza sawasawa: kata kijani tu. Ukiingia kwenye matawi ya kahawia kule ndani, hapachipui tena. Unabaki na tundu mpaka kiama.

Basi nikarudi Raskazone kumzika baba, nikakuta ua wetu wa mivinje umekuwa pori. Tangu alipoanza kuumwa, hakuna aliyeugusa. Mvinje si msonobari, najua, msinisahihishe, lakini ukiukata vibaya unakukomoa vilevile. Na mama ndiyo kwanza ameingia eda. Hatakiwi kuonekana na wanaume wapitao njiani, kwa hiyo ule ua ndio uliomwezesha kutoka nje kupunga upepo. Nikiutoboa, mama anafungiwa chumbani na joto lote la Tanga mpaka eda iishe.

Nikakata polepole, ncha kwa ncha. Mama alikaa kwenye mkeka upande wa ndani, ananichokoza.

"Hivi huko Ulaya walikufunza kukata au kupapasa?"

Nilifurahi mno. Tangu msiba sikuwa nimemsikia akimtania mtu.

Mpaka alasiri ubavu wote ulikuwa umekaa sawa, hakuna tundu hata moja. Nikapanda ngazi kusawazisha juu. Karibu na geti nikakuta pamebonyea, pameota vichipukizi vipya juu ya makovu ya zamani. Kazi mbovu kabisa, nikajisemea, mzee alikuwa anakata bila kuangalia. Nikamwambia mama kwamba hapo napaacha pakue, palingane na kwingine.

"Pakate," akasema.

"Mama, pataonekana ovyo. Halafu wewe uko eda."

"Mpita njia haoni ndani. Mimi ndiye ninayeona kofia." Akakung'uta majani yaliyomwangukia mapajani. "Baba yako akitoka msikitini, naiona kofia yake nikiwa pale jikoni, namimina kahawa. Akiingia anaikuta ya moto."

Alisema hivyo, "akiingia," na mimi sikumrekebisha. Nilijifanya natafuta kitu barabarani, nikalia huko huko juu ya ngazi. Kisha nikakata palepale alipokuwa akikata baba.

Eda iliisha zamani, na Ulaya sikurudi tena. Ua naupunguza kila mwaka kabla ya mvua za vuli, na majirani wanausifu, ila pale karibu na geti wananicheka kwamba fundi mzima nimeharibu. Nawaacha wacheke. Nimepateremsha zaidi ya alivyopaacha baba, maana yeye alikuwa mrefu kuliko mimi, na mama anapenda kahawa niikute ya moto.