Kopilote Asiyeitwa

Nilipopata kazi ya kopilote, yaani rubani msaidizi, katika kampuni ndogo ya ndege pale Beni, nilifikiri nitaruka kila siku. Wakaniweka rezerve. Maana yake, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi unakaa karibu na uwanja, simu mkononi. Ndege ikikosa mtu, wanakuita. Ukiruka unalipwa saa za hewani. Usiporuka unapata posho kidogo ya kungoja. Nilikodi chumba katika komini ya Ruwenzori, nikapiga pasi shati jeupe, nikangoja. Hata nikioga, simu ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki juu ya ukuta.

Wiki tano haikulia. Na posho yenyewe ilikuja nusu.

Tulikuwa wapya wawili, tulioajiriwa siku moja. Mwenzangu ni mtoto wa Oicha. Baba yake ana mashamba ya kakao. Kila nilipomuuliza mpanga safari, bwana mpole wa pale bironi, yaani ofisini, kwa nini siitwi, alitabasamu: "Mwenzako anajibuka mbio, donc tunatuma yeye." Nikaanza kuwaona kichwani mbuzi wa hongo kutoka Oicha wakiingia nyumbani kwa bwana yule usiku na mchana.

Kisha koko, mama wa mama yangu aliyenilea Kimemi, kule Butembo, akafariki. Nikaenda kuomba ruhusa.

"Pole sana," akasema, "mais uko ku rezerve. Ndege ikikuomba na weye uko Butembo, tutafanya nini?"

Nikabaki. Siku ya maziko mjomba alinipigia, akaielekeza simu kaburini nisikie watu wa kanisa wakiimba. Nilikata baada ya ubeti mmoja, nikiogopa kuziba laini. Dakika chache baadaye ndege yetu ikapita juu ya mabati.

Nikapanda moto, pikipiki ya abiria, hadi kwa mwenzangu, nihakikishe kwamba hayupo. Akafungua mlango yeye mwenyewe, shati jeupe, simu mkononi.

"Haukuruka?"

"Niruke na nini? Banasemaka ni weye unarukaka kila siku."

"Nani anasema?"

"Bwana wa biro."

Sikumwamini. Nikamwambia anipe simu yake nione. Akasema nitoe yangu kwanza. Mwishoni tulizitoa pamoja, kila mmoja akishika ya mwenzake kabla ya kuachia yake. Kwa wiki tano, hakuna aliyepigiwa na biro hata mara moja.

Tukaenda bironi wawili. Bwana alikuwa ametoka kwenda kula. Rejista ilikuwa wazi mezani. Mbele ya majina yetu, siku kwa siku: "Hajibu simu." Asiyejibu hukatwa posho. Na kwenye safari zote, jina la kopilote mmoja wa zamani, shemeji yake bwana.

Bwana akarudi, akatukuta tumeinama. "Ni rezo," akasema, akimaanisha mtandao wa simu. "Rezo ni mubaya."

"Rezo ya wiki tano?" mwenzangu akamuuliza.

Tulibeba rejista hadi kwa rubani mkuu. Alisoma ukurasa baada ya ukurasa. Juma lililofuata niliruka mara ya kwanza, mwenzangu siku ya pili yake. Posho walirudisha polepole. Bwana hakufukuzwa, yuko meza ileile, na tabasamu lake.

Mimi na mwenzangu tumekuwa marafiki. Orodha ya safari za wiki ikitoka, tunapigiana, kila mmoja asome alichoandikiwa. Siku nyingine, nakiri, nikisikia sauti yake ina furaha mno, namwambia anitumie picha ya orodha yake.