Ndege ya Ukutani kwa Mama

Sitaficha: namwonea wivu kitinda mimba wetu, na wivu wenyewe ni wa karatasi.

Ni tangazo la zamani la safari za ndege, la enzi zile abiria walipovaa kofia na glavu ili kusafiri. Baba alikuwa akifagia ofisi ya kampuni ya ndege Nairobi. Walipolitupa, akalileta kwetu Kebirigo. Lina ndege ya injini nne juu ya mlima wenye theluji, twiga wawili wameduwaa, na mama wa Kizungu akipanda ngazi. Mama yetu aliniambia, "Hii ni yako, kwa vile unaipenda." Kisha akalibandika ukutani kwa gundi ya unga wa ngano, kama alivyobandika magazeti ya kuzuia vumbi la udongo. Hapo ndipo aliponimaliza. Kwetu nyumba ya mama ni ya kitinda mimba, na kilichoshikamana na ukuta ni nyumba.

Mama alipotutoka, ndugu yangu huyo kitinda mimba akajenga nyumba ya mawe. Akanipigia simu Kenyenya, nilikoolewa. "Dada, kuja uchukue kitu unataka kabla tubomoe."

Nilifika na ndoo na sifongo ya kulilowesha tangazo libanduke. Ukutani palikuwa na shimo. Fundi alishakata udongo pamoja na karatasi yake, na wifi yangu alishalitia tangazo kwenye fremu ya kioo na kulitundika juu ya televisheni. Mimi nikapewa masufuria.

Nilikunywa chai yao nimefura kama andazi. Huyu ndugu yangu hupanda ndege kwenda mikutano. Mimi uwanja wa ndege naujua kwa kumsindikiza. Na picha pia aichukue? Kweli, mwenye nacho huongezewa.

"Dada," akasema, akikisogelea kioo, "hii kitu iko kwa mgongo ya huyu mama ni nini? Wageni huuliza."

Ni mtoto, amefungwa kwa leso. Nilimchora kwa kalamu nilipokuwa omoreri, msichana wa kulea, nikishinda na ndugu yangu huyu mgongoni huku wenzangu wakicheza. Sikuamini kwamba mwanamke anaweza kwenda safari ndefu hivyo bila mtoto wa mtu.

"Ni wewe," nikamwambia.

Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akamwita mkewe aje aone. Mimi sikucheka. Picha ilikuwa yangu, kalamu ilikuwa yangu, na bado nilimpandisha yeye ndegeni. Mimi nilisahau kujichora.