Mvua Mbili za Manibe

Kabla hamjalisikia jambo hili sokoni, heri mlisikie kwangu mwenyewe. Mimi ndiye karani wa mvua hapa Arua, na hesabu zangu nilikuwa naziamini kuliko mawingu.

Nina vipima mvua viwili vilivyo jirani: kimoja cha Mzee Ramadhani, Mwislamu Mnubi wa mjini, kingine cha katekista Yohana wa Manibe. Madaftari yao yana mapengo, basi nikayaunganisha kuwa moja. Siku ambayo mmoja hakuandika kitu, nilichukua mvua ya mwenzake. Safi kabisa! Alhamisi mvua kubwa, Ijumaa mvua kubwa. Nikatangaza ardhi imeshiba, wakulima wang'oe miche ya tumbaku vitaluni wakaipande mashambani.

Walikusanyika Manibe, vikapu vimejaa miche. Nikapanda juu ya sanduku, nikasoma mvua zangu mbili kwa sauti ya meja wa jeshi.

"Ngoja, karani," akasema Mzee Ramadhani. "Hiyo mvua iko moja tu, ile iliharibu harusi ya mutoto yangu. Jua ilikuwa imezama, kwetu Ijumaa imeingia. Mimi naandika Ijumaa."

"Kwetu ilikuwa bado Alhamisi," akasema Yohana. "Mimi naandika Alhamisi."

Wakulima wakatazama vikapu vyao, kisha wakanitazama mimi. Nikashikilia kwamba daftari halidanganyi.

"Bwana karani," Yohana akasema kwa upole, "mvua hiyo sisi wawili tuliikimbia chini ya meza moja. Na wewe ulikuwa katikati yetu, umekumbatia sahani ya pilau."