Saa ya Baba Kusimama Mlangoni

Enzi zetu, sisi tuliokulia kijijini Kaagya, hakuna aliyehitaji saa ya ukutani kujua kwamba jioni imefika. Moshi ulianza kupenya kwenye mapaa ya jikoni, mbuzi wakalia kutaka kufunguliwa kamba, na wanaume wakaanza kupita kwenye kijia cha chini ya migomba yetu, wakiongea kwa sauti kubwa kuliko ya mchana. Walikuwa wanaenda kunywa. Kwa nyumba nyingine hiyo ilikuwa saa ya kupumzika. Kwetu ilikuwa saa ngumu kuliko zote, kwa sababu ndiyo saa ambayo Baba alikuwa anasimama mlangoni.

Nitafika huko. Kwanza nikumbuke raha, maana zilikuwepo, na wenzangu wa rika langu watanisamehe nikisahau baadhi. Tuliteleza kwenye mteremko tumekalia magamba ya mgomba mpaka sketi zikatoboka, halafu mtu anarudi nyumbani amefunga sweta kiunoni akidhani mama yake hataona. Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, tuliamka kabla ya jogoo, tukakimbilia majanini miguu imelowa umande, na aliyechelewa alibaki kuokota mabawa. Shuleni tulikwenda na jembe, fagio na dumu la maji, na daftari lilikuja mwisho. Leo ukimwambia mtoto akachote maji anakuuliza kama bomba limeharibika. Chakula kilikuwa ndizi na maharage, kimepakuliwa juu ya jani moja sakafuni penye nyasi, mikono yote humo humo, na aliyekuwa na mdomo mwingi alikuta wenzake wamemaliza. Mimi nilijifunza kunyamaza hapo, ingawa ndugu zangu wanasema sikujifunza vizuri.

Na tulikuwa na ndizi za aina nyingine, zile za rubisi. Rubisi ni pombe yetu ya ndizi. Ndizi zinaivishwa, zinamenywa, zinamwagwa kwenye mtumbwi wa mti pamoja na nyasi, halafu mwanaume anaingia humo na miguu iliyooshwa vizuri, anakanyaga mpaka maji matamu yanatoka. Maji hayo yakichanganywa na mtama uliokaangwa yakalala, yanaamka pombe. Kaagya nzima hakukuwa na mtu wa kukanyaga kama Baba. Ta Kaijage, hivyo ndivyo watu walivyomwita kwa heshima, alikanyaga kama mtu anayecheza ngoma polepole, na sisi watoto tulikaa pembeni na vikombe vyetu tukisubiri yale maji matamu kabla hayajawa dhambi.

Lakini alikuwa anakanyaga na kunywa. Alikunywa mpaka akauza kahawa ikiwa bado maua juu ya mti. Alikunywa akalala kwenye mtaro, na Mama akaenda kumtoa mchana watu wakiangalia. Hakuwa mkali alipolewa. Alikuwa analia na kuomba msamaha, jambo ambalo kwangu lilikuwa baya kuliko kipigo, kwa sababu kesho yake tulijua atarudi kule kule.

Aliokoka nikiwa mdogo wa kutosha kudhani kuokoka ni ugonjwa. Ndugu wa ushirika, Walutheri wenzetu wa pale kijijini, walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba wakiimba na kupiga makofi. Walipofika kwetu Baba aliwakaribisha kwa kejeli, lakini kabla wimbo wa tatu haujaisha alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi za sebuleni. Asubuhi yake akaupindua ule mtumbwi juu chini, akasema kuanzia leo ni benchi la kukalia wakati wa sala. Tulilikalia miaka mingi.

Sasa, watu wanafikiri mtu akiokoka kiu inakatika. Ya Baba haikukatika. Jua likielekea kuzama, wale wanaume wakipita, mmoja wao lazima angeita, "Ta Kaijage, tumekuachia nafasi!" na wenzake wakacheka. Baba angeacha alichokuwa anafanya, akaenda kusimama mlangoni, ameshika mwimo kwa mikono miwili. Hapo ndipo Mama alipoanza kuimba.

Sheria ya nyumba ilikuwa moja: Mama akianza, kila mtu anadaka, popote alipo. Uko jikoni unamenya, unadaka. Uko kwenye njia ya chemchemi na maji kichwani, unadaka, maji yakimwagika shauri yako. Siku moja wimbo ulinikuta juu ya mpera nimenaswa gauni kwenye tawi, nikaimba sauti ya pili nikiwa nimening'inia, na hakuna aliyekuja kunitoa mpaka beti zilipoisha. Wimbo ulikuwa mmoja ule ule wa kushukuru, wa beti nyingi, na tuliupenda na kuuchoka kwa pamoja.

Wimbo ukiisha, Baba angeuliza bila kugeuka, "Nani ana Neno?" Mtoto mmoja alitakiwa kusema kwa moyo mstari wa Biblia aliojifunza shule ya Jumapili. Mdogo wangu Elia, mvivu wa kupindukia, kila zamu yake alitoa ule mfupi kuliko yote, wa Yesu kulia. Baba alikuwa anacheka mpaka mabega yanatikisika. Akishacheka, tulijua jioni hiyo imepita, naye anakuja kukaa. Halafu alikuwa anatusimulia, kila mara kama vile ni mara ya kwanza, habari za Yesu jangwani na njaa yake. "Mnaona? Hata Yeye hakubishana na yule mjaribu kwa akili zake. Alimjibu kwa Maandiko. Sasa mimi Kaijage nina akili gani za kubishana?"

Kisha Babu akafa, baba yake Baba.

Baba ndiye alikuwa mtoto wa kwanza wa kiume, kwa hiyo kibanja kilikuwa chake: nyumba, migomba, kahawa, na makaburi ya wazee yaliyokuwa humo. Kwa ukoo wetu, siku ya kumaliza matanga mrithi anakalishwa kwenye kigoda cha marehemu, anakabidhiwa mkuki, halafu ananyonya rubisi kwa mrija kutoka kwenye kibuyu cha marehemu mwenyewe, ukoo wote ukishuhudia. Asiyenyonya hajarithi. Wazee wa ukoo hawakuwa watu wabaya, na wengi wao walikuwa wa kanisani kama sisi. Hata mwinjilisti wetu, mtu mpole aliyependa amani, alimvuta Baba pembeni asubuhi ile akamwambia Mungu anaangalia moyo, na kulowesha mdomo kwa heshima ya wazee si kulewa. Nafikiri alisema kweli kwa mtu mwingine yeyote.

Nilikuwa nimekaa na Mama upande wa wanawake. Nilimwona Baba akipokea mkuki, halafu kibuyu. Ilikuwa mchana kweupe lakini alivishika kwa nguvu kama alivyoshika mwimo jioni. Baba mdogo Sospeter, aliyemfuata Baba kwa kuzaliwa na aliyempenda kuliko ndugu wote, aliinama akamwambia taratibu, "Onja tu waitu, tafadhali kaka. Gusa mdomo, tumalize."

Baba akainua kibuyu. Mrija ulifika kwenye midomo yake.

Nilimgeukia Mama nikitegemea wimbo. Lakini mke hapazi sauti mbele ya baraza la wakwe, tena siku kama hiyo. Mama alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga, machozi yanamtiririka, wala hakutoa sauti. Sijawahi kuogopa maishani mwangu kama nilivyoogopa dakika ile.

Ndipo Baba akaimba mwenyewe. Huyu mtu hakuwa na sauti. Hata ushirika walimweka nyuma ili asiwapoteze wenzake. Aliimba ubeti wa kwanza peke yake, vibaya, mkuki mkono huu na kibuyu mkono huu, na ukoo mzima ukamtazama kama mtu aliyerukwa na akili. Ubeti wa pili Mama akaachia kanga akadaka, na sisi tukadaka. Wazee walipoanza kunung'unika, Baba alimpa Sospeter kibuyu. "Chukua, mdogo wangu. Pombe haina kosa na nyie hamna kosa. Mimi ndiye najijua. Nikinyonya leo, kesho mtanitafuta mtaroni." Akamwachia na mkuki. Sospeter alinyonya huku analia, na wote tuliona.

Hakuna aliyetufukuza. Lakini kaka mkubwa kuishi kama mgeni kwenye kibanja cha baba yake ni jambo zito. Wanawake walinyamaza Mama akifika chemchemi, na wale wa kijiani jioni waliacha kabisa kumtania Baba, jambo lililomuumiza zaidi ya utani wenyewe. Baada ya kuvuna kahawa tulihamia Muleba, ambako wajomba zangu walitupa kipande cha ardhi kwenye mteremko wa mawe. Sospeter alitung'olea miche ya migomba, akatusindikiza mpaka barabarani, na Baba hakugeuka nyuma.

Najua mnachosubiri. Mnataka niseme Bwana alimlipa, migomba ya Muleba ikanenepa na Sospeter akafilisika kwa ulevi. Haikuwa hivyo. Migomba yetu ilibaki myembamba, Mama alizeeka haraka kwa kulima mawe, na mimi nilikwenda sekondari na viatu vya kuazima. Sospeter amekitunza kibanja vizuri hadi leo, anakunywa kikombe chake na kulala. Nimemuuliza Mungu kuhusu hilo mara nyingi. Baba hakuuliza. Alisimama mlangoni Muleba kama alivyosimama Kaagya, maana hata kule wanaume walikuwa wanapita jioni, na sisi tuliimba, mpaka tukaondoka mmoja mmoja kwenda kusoma na kuolewa. Mwishoni walibaki wawili, yeye na Mama, wanaimbiana. Mama akatangulia.

Baba alipougua mara ya mwisho, hospitali walituambia turudi naye nyumbani. Elia alikuja kutoka Mwanza, mimi nikatoka Bukoba mjini, na Baba mdogo Sospeter, mzee naye, akaja kutoka Kaagya na mkongojo wake. Siku hiyo jua lilipoanza kushuka Baba alianza kuhangaika kitandani. Nilimpa maji akayasukuma. "Siyo hayo." Akamtafuta mdogo wake kwa macho. "Sospeter, nina kiu. Nipe ya nyumbani."

Sospeter alifuta macho. "Mpeni," akasema. "Amekataa maisha yake yote. Mzee anakufa huyu, Mungu gani atamhesabia?" Alisema kwa upendo. Jirani alikuwa amepika rubisi, ilikuwa ni kuvuka ua tu.

Nikamwambia Elia, tuimbe. Tukafungua midomo. Mstari wa kwanza ulitoka, wa pili ukatoka nusu, halafu hakuna. Wimbo niliouimba juu ya mpera, niliouimba na maji kichwani! Elia akatoa simu kuutafuta, na mtandao wa pale kilimani ukawa unazunguka tu. Watu wazima wawili, wabatizwa, mmoja mzee wa kanisa, tumeinamia simu huku baba yetu anaomba pombe.

Baba alitutazama. Sijui kama alituhurumia au alikumbuka. Akaanza yeye, kwa sauti ile ile mbovu, sasa imekauka, neno moja moja, na sisi tukayaokota maneno mdomoni mwake, nyuma yake kidogo. Sospeter, ambaye hakuwahi kuuimba, alishika kiitikio. Baba hakuruka ubeti hata mmoja. Alipomaliza aliomba maji, akanywa, akageukia ukutani. Hakupambazukiwa. Tulimzika pale pale Muleba kwenye mawe, mbali na kaburi la baba yake.

Siku hizi nyimbo ni nyingi kuliko enzi zile. Makanisani kuna spika zinazotikisa madirisha, bodaboda inapita na pambio, na vijana wetu kila asubuhi wanaturushia kwenye simu mstari wa Biblia wenye picha ya ua. Ukimwambia mmoja wao auseme bila kuangalia, anacheka. Siwalaumu sana, mmeona tulivyokuwa sisi wenyewe.

Kijana wangu mkubwa ameanza kurudi akinuka pombe. Juzi jioni, hapa kwetu Nyanga, nilikuwa jikoni nikamwona anafunga kamba za viatu. Nikaanza kuimba kwa nguvu, nikafika mwisho wa mstari wa kwanza, nikatulia kidogo nisikie nani atadaka. Mume wangu alikuwa anatazama taarifa ya habari. Binti yangu alikuwa ameziba masikio na muziki wake. Kijana aligeuka akaniuliza kwa adabu kama kuna kitu nataka aniletee dukani. Nikamwambia hapana, mwanangu, naimba tu. Akatoka.